Nani Amtoe Doto Nje?

Hadithi tena. Mchana kutwa mmeinamia vitabu vyenu vya baiolojia, mmechora mayai na mbegu zenye mikia, halafu jua likizama mnakuja kusema hamkuelewa kitu, bibi atuhadithie. Bibi mwenyewe aliishia darasa la pili, na hilo la pili alilifuata kwa sababu ya uji. Haya, kunjeni miguu hiyo watu wapite. Anayetaka kusinzia akasinzie kwao, maana mwisho wa hadithi hii kuna kesi, na mahakimu ni nyinyi.

Kijiji cha Mwamgoba, kule kwenye mashamba ya pamba, kilikuwa na wanawake watatu wa kusemwa.

Wa kwanza ni Holo, mkunga, mtu mzima asiyejaliwa mtoto. Kipaji chake kilikuwa vidoleni. Akiweka kiganja juu ya tumbo la mjamzito, alikwambia kichwa kiko wapi na matako yako wapi, kama mtu anayepapasa viazi ndani ya gunia.

Wa pili ni Mbuke, mama wa wavulana watupu. Kipaji chake kilikuwa kutoduwaa. Nyoka akiingia nyumbani, wenzake wakiwa bado wanapiga kelele, Mbuke ameshashika jembe.

Wa tatu ni Sayi, na kipaji chake kilikuwa kifua. Maziwa yake hayakujua kukauka. Mtoto wa yeyote akilia hata akakosa sauti, akiwekwa kwa Sayi hunyamaza.

Sasa Minza, ambaye kesi hii ni yake, alikuwa mke wa Nkwabi, na Nkwabi ni kaka yake Mbuke. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimkamata wakati wa palizi, asubuhi, mto umefurika na njia ya zahanati imekatika. Ikabidi azalie nyumbani, mikononi mwa Holo.

Mtoto akatoka, msichana, analia vizuri. Uani vigelegele, Nkwabi akapewa mikono na majirani, Mbuke akaenda jikoni kukoroga uji. Minza alifumba macho. Alijiona amemaliza, na alitaka kitu kimoja tu duniani, watu wote watoke alale.

Holo akaweka kiganja juu ya tumbo. Akakiacha hapo kitambo.

"Usilale, binti," akasema. "Kuna mwingine, na huyu amelala kama gogo njiani."

Mtoto aliyelala kukingama hatoki, na mama yake hapo hapo anaweza kwenda naye. Holo akaanza kumsukuma kwa nje, mkono mmoja kwenye kichwa, mmoja kwenye matako, polepole, anangoja tumbo lilegee, anasukuma tena. Minza alimtukana matusi ambayo hakujua kama anayajua. Holo akamjibu kwamba ametukanwa na wazuri zaidi yake. Kichwa kikageuka chini, na Doto akatoka.

Habari zikamfikia Nkwabi mlangoni, na kicheko chake kikakatika. Katika ukoo wao kulikuwa na neno la zamani, kwamba mwanamume mmoja ana mbegu moja. Wakizaliwa wawili, basi baba ni wawili. Upuuzi mtupu, lakini upuuzi huishi miaka mingi kwa sababu haulimi wala haupiki.

"Wa kwanza ni wangu," akasema kwa sauti, majirani wote wanasikia. "Huyo wa pili ana mwenyewe. Mwacheni."

Na Doto alikuwa kweli wa kuachwa. Amelegea kama kitambaa kilicholowa, rangi ya samawati, hana sauti. Minza alimwona akataka kuinuka, mwili ukamkatalia.

Mbuke aliingia na mwiko mkononi, akautupa. Akamfuta mtoto mdomo na pua, akamsugua mgongo kwa kanga, kisha akaanza kumpiga nyayo kwa ncha ya kidole, tak, tak. Nyinyi wa vitabu mnajua alichokuwa akifanya. Unyayoni kuna mishipa ya fahamu, myembamba kuliko uzi. Ukiichokoza, habari hupanda mguu, huingia uti wa mgongo, huenda hadi kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamuru kifua kivute pumzi. Ubongo wa Doto ulikuwa umelala. Mbuke alikuwa anabisha hodi chini ili mwenye nyumba aamke juu.

Nkwabi akasema tena kutoka nje, nimekwambia mwache. Mbuke hakugeuza hata shingo. "Kaka, ukitaka kunizuia, ingia humu," akasema, akijua vizuri kwamba mwanamume haingii chumba cha uzazi. Akasugua, akapiga nyayo, akasugua. Doto akakohoa, akavuta pumzi, akalia kilio cha paka mdogo. Siku hiyo hiyo Nkwabi akampiga dada yake marufuku kukanyaga uwanja wake.

Jioni Minza akashikwa na homa. Maziwa aliyokuwa nayo hayakumtosha hata Kulwa, yule wa kwanza, sembuse huyu mwenye umbo la kifaranga. Sayi, jirani, akamchukua Doto akamlaza uchi kifuani pake, akafunga kanga juu, akaishi naye hivyo. Alipika naye, alifagia naye, alilala ameegemea ukuta. Mwanawe mwenyewe alikuwa bado ananyonya, anatambaa. Ziwa moja likawa la mwanawe, moja la Doto.

Mtoto hukua kwa vile chembe zake, zile seli za vitabuni mwenu, hujigawa, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka mashavu yanajaa. Lakini chembe haijigawi kwa kuombewa dua tu. Inataka chakula na inataka joto. Doto akanenepa. Mwana wa Sayi mbavu zikaanza kuonekana, na Sayi aliziona, akaendelea.

Mto ulipopungua, nesi wa zahanati akaja kupima watoto. Alipoambiwa maneno ya Nkwabi, akamwita akamkalisha kwenye kigoda. Akamuuliza Holo kondo za nyuma zilikuwa ngapi. Holo akajibu, moja.

"Basi sikiliza, baba," nesi akasema. "Mbegu yako moja ilikutana na yai moja la mkeo. Yai likaanza kujigawa kama kawaida, ila mwanzoni kabisa likaachana vipande viwili, kila kipande kikawa mtoto. Hata mapacha wasiofanana ni mayai mawili ya mama, siyo baba wawili. Ukimkataa Doto, umemkataa na Kulwa."

Nkwabi akawatazama wale watoto, sura moja mara mbili, na pua ni ile yake. Akainama kutafuta kiatu ambacho hakikuwa kimepotea.

Ikafika siku ya Doto kutolewa nje rasmi, mbele ya watu. Pale Mwamgoba, mtoto aliyeponea chupuchupu hutolewa mlangoni na yule aliyemwokoa, na huyo huwa mama yake wa mlango. Mtoto akikua atamchotea maji, atamlimia, na siku ya kumzika ndiye atakayetangulia mbele. Kuchagua ni kwa mzazi, na humchagua mmoja tu. Wazee walishamnyang'anya Nkwabi neno la siku hiyo, hata la kumzuia dada yake uwanjani, kwa hiyo lilikuwa la Minza peke yake.

Wanawake watatu wakaja, kila mmoja amevaa kanga mpya.

Holo akasema bila yeye mtoto angekufa tumboni, na mama pia. Sayi akamwambia hiyo ni kazi yake, angemfanyia yeyote. "Ndiyo," Holo akasema, "na nimewafanyia wengi, na hakuna hata mmoja anayenichotea maji."

Mbuke akasema Holo alitoa mtoto asiyepumua, na Sayi alipokea anayepumua. Katikati hapo alikuwa nani? Na kwa ajili hiyo amekosana na kaka yake wa tumbo moja.

Sayi alimwinua mwanawe, akamfunua shati, akaonyesha mbavu, kisha akamweka chini.

"Wifi," Mbuke akamwambia Minza, "sema basi, jua linapanda."

Minza alisimama na Doto mikononi, kizingiti mbele yake. Alimtazama asiye na mtoto, akamtazama asiye na kaka, akamtazama yule mtoto mwenye mbavu. Mikono sita imenyooshwa, na Doto ni mmoja.

Haya, mahakimu, mdomo umewajaa nini? Mngekuwa nyinyi Minza, Doto mngemkabidhi nani?

Bishaneni. Ila msiniulize habari za Nkwabi, maana hiyo haikuwa kesi ngumu, wazee waliimaliza kabla uji haujapoa. Walimwamuru kila siku ya kliniki ambebe Doto mgongoni kwa kanga ya mkewe, kutoka nyumbani hadi zahanati, akipita mbele ya kilabu cha pombe wenzake wakiwa wamekaa, mpaka mtoto atakapotembea mwenyewe.

Na Doto alichelewa sana kutembea.