Bi Fuko na Kesho ya Mzee Kiboko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa pochi!

— Pochi ya nani?

Ya mwenye maneno yake!

— Na asiye na maneno?

Aambiwe kesho!

Haya, kaeni vizuri. Wewe wa simu, ifunike, maana leo namsema mwenzake na sitaki ijibu. Na mtu asiniambie eti zamani wanyama hawakuwa na simu. Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi nyamaza usikilize.

Hapo kale, si kale sana, alikuwepo Bi Fuko, mkandarasi wa mifereji. Mdogo, mweusi, macho haba, lakini makucha, mama yangu! Akiingia ardhini, kwaru, kwaru, kwaru, anatokea upande wa pili na maji yanamfuata nyuma. Hakuajiriwa na mtu. Alifanya kazi kwa mkataba: mara anachimba kwa Ngiri, mara kwa Kwale, mara ng'ambo ya mto kwa wateja ambao hata sura zao hakuzijua. Na kwa kuwa wateja wa mbali hawawezi kuja na malipo mkononi, walimlipa kwa sarafu ya mtandaoni. Ndiyo, hiyo hiyo mnayoijua. Haishikiki, haing'atiki, na anayejua maneno yake ya siri ndiye mwenye nayo.

Kila sarafu aliyopata Bi Fuko aliiwekea jambo moja tu. Nyumba yake ilikuwa bondeni. Kila masika maji yaliingia ndani, na masika yaliyopita kitindamimba wake nusura afe, walimtoa amekunywa tope tumbo limejaa. Bi Fuko akaapa kwamba masika mengine hayatamkuta pale. Nungunungu alikuwa anauza kilima chake, na Bi Fuko alikitaka kilima kile kabla mvua haijaanguka.

Sasa, sarafu za namna hii unaweza kuziweka kwenye pochi yako mwenyewe, ndani ya simu, maneno yake ukayajua wewe peke yako. Ukiyasahau, umeumia. Au unaziweka sokoni kwa mtu, akakutunzia yeye. Na pale mtoni mwenye soko alikuwa nani? Mzee Kiboko! Tumbo lile, mdomo ule! Alikaa katikati ya bwawa, simu imening'inia sikioni, akinguruma, "Hrooo! Leteni kwa Kiboko! Kwa Kiboko hakuna kusahau maneno! Kwa Kiboko sarafu hailali, inazaa!"

Na zake mwenyewe je, aliziweka kwenye soko lake? Thubutu! Zake alizifungia kwenye pochi yake, maneno anayajua yeye.

Bi Fuko akaenda ukingoni. "Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, fundi. Leta."

"Nikizitaka je?"

"Ukizitaka unapewa."

"Siku hiyo hiyo?"

"Dakika hiyo hiyo. Jaribu uone."

Bi Fuko akaweka kidogo, akaziomba. Ting! Zikarudi, na nyongeza juu. Akaweka tena kidogo, akaziomba. Ting! Zikarudi, na nyongeza juu. Basi, Bi Fuko akaweka zote. Msimcheke. Ngiri aliweka, Kwale aliweka, na nyinyi mngeweka.

Mawingu yakaanza kujikusanya kule milimani. Nungunungu akaja kwa Bi Fuko, miiba inachezacheza.

"Jirani, kilima unakitaka au hukitaki? Swala naye anakiulizia."

"Nakitaka! Na pesa ninazo, tazama." Bi Fuko akamwonyesha simu. Sarafu zake zilikuwa zimezaa, zikazaa tena.

Nungunungu akatazama. "Nyingi kweli. Maneno yake ya siri unayo?"

"Anayo Kiboko."

"Basi mwenye pesa ni Kiboko, jirani. Wewe una picha yake."

Maneno yale yalimchoma. Hakuaga, alikwenda moja kwa moja bwawani.

"Mzee Kiboko, naomba changu. Mvua inakuja na mimi nina watoto."

"Kesho, fundi. Mtandao unasumbua."

Akarudi kesho yake.

"Kesho, fundi. Mfumo uko kwenye matengenezo."

Akarudi tena.

"Kesho, fundi. Nimefiwa na mjomba."

"Pole, mzee. Lakini sarafu zangu zipo?"

"Zipo! Huzioni kwenye simu? Si hizo hapo! Tena zimezaa."

Sasa hapo Mzee Kiboko alikosea mtu. Angemwambia hivyo Swala, Swala angekwenda zake kulala akisubiri asubuhi. Lakini huyu alikuwa fundi, jamani! Nani hapa asiyewajua mafundi? "Kesho" ni chombo chao cha kazi, wanakibeba pamoja na sururu. Bi Fuko mwenyewe alikuwa amewaambia wateja kesho hadi ulimi ukazoea. Mjomba wake alikuwa ameshakufa mara nyingi, na kila akifa, mfereji wa mtu unachelewa. Aliposikia habari za mjomba wa Kiboko, masharubu yakamsimama.

"Kesho hiyo naijua," akasema moyoni. "Hiyo ni ya kwangu. Ameniibia sarafu, na sasa ananiibia na uongo wangu!"

Akarudi nyumbani hasira zimemjaa. Watoto wakamzunguka. "Mama, tunahama lini?"

"Tunahama! Kile kilima tunakipanda, Kiboko apende asipende. Njooni hapa."

Akafungua pochi mpya, yake mwenyewe, kwenye simu. Simu ikampa maneno ya siri. Bi Fuko hakuyaandika popote. Alimnong'oneza kila mtoto neno lake, mkubwa la kwanza, anayemfuata la pili, mpaka kitindamimba la mwisho. "Neno lako usimwambie mtu, hata ndugu yako." Sasa ili uyapate yote, lazima uwaite watoto wa Bi Fuko mmoja mmoja kama walivyozaliwa, na wale watoto walifanana kama punje za mtama. Anayejua nani alimtangulia nani ni mama yao tu.

Kisha akajipangusa udongo, akarudi bwawani akitabasamu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Pole na jua."

"Marahaba. Nimekwambia kesho."

"Sikuja kwa hilo, mzee. Nimelionea huruma bwawa lako. Jua linalinywa. Juzi lilikufika mgongoni, leo liko kwenye magoti. Kule chini ninapochimba hakuna jua, na maji ya kule hayalali. Yanazaa."

Masikio ya Kiboko yakasimama. "Yanazaa?"

"Kuna chemchemi, mzee. Ukiweka maji kidogo, yanatoka na nyongeza."

"Nikiyataka je?"

"Ukiyataka unapewa."

"Siku hiyo hiyo?"

"Dakika hiyo hiyo. Jaribu uone."

Na Kiboko alivyo, mnadhani alikumbuka kwamba maneno hayo ni yake? Wapi! Alitazama kile kikaragosi chenye macho haba, akajisemea, "Huyu hata kuniona hanioni, ataniibiaje?" Akakubali.

Bi Fuko akaingia ardhini, kwaru, kwaru, kwaru, akafungua mlango mdogo chini ya bwawa. Gubu! Maji kidogo yakashuka. Kiboko akayaomba. Pwaa! Yakarudi, na nyongeza juu. Yakashuka tena kidogo, gubu! Kiboko akayaomba. Pwaa! Yakarudi, na nyongeza juu.

"Fundi!" Kiboko akanguruma kwa furaha. "Chukua yote!"

"Yote, mzee?"

"Yote! Nataka yazae mpaka niwe na ziwa!"

Gubu, gubu, gubu, gubu! Bwawa zima likashuka chini. Bi Fuko akaziba mlango kwa udongo wa mfinyanzi, akaushindilia, du, du, du, akatoka kupunga upepo.

Jua likapanda. Mnajua ngozi ya kiboko ilivyo? Bila maji haivumilii. Kufika adhuhuri ilikuwa inamvuta. Alasiri ikaanza kupasuka mgongoni.

"Fundi! Naomba maji yangu!"

"Kesho, mzee. Mtandao wa mifereji unasumbua."

"Unaniletea utani? Ngozi inaniuma!"

"Pole sana. Lakini maji yako yapo. Haya hapa, yatazame." Bi Fuko akanyanyua simu. Kulikuwa na picha ya maji, mengi, ya buluu, yanameremeta. "Unayaona? Tena yamezaa."

"Sitaki kuyaona! Nataka kuyaingia!"

"Kuyaingia ni kesho, mzee. Mfumo uko kwenye matengenezo."

Hapo Kiboko akaelewa. Akaachama, mdomo ukawa pango. "Nitakumeza wewe! Nitakumeza na makucha yako!"

Ngiri, Kwale na wengine wote waliokuwa wakidai walikuwa wamejaa ukingoni. Wakarudi nyuma kwa woga. Bi Fuko hakurudi nyuma. Alisogea mbele mpaka pumzi ya Kiboko ikamlaza manyoya.

"Nimeze! Meza, nakwambia! Mlango wa maji naujua mimi peke yangu. Ukinimeza, kauchimbe huko tumboni kwako. Mwanangu alikunywa tope masika yaliyopita, na wewe unaniambia habari za mjomba! Changu nakitaka leo. Na cha Ngiri leo. Na cha Kwale leo. Cha kila mtu hapa, leo!"

Wote wakapata sauti. "Leo! Leo! Leo!"

Ngozi ya Kiboko ikaachia, praa! Machozi yakamtoka. Akafunga mdomo, akashusha sauti, akawa mpole ghafla. "Sawa, fundi. Sawa. Nipe maneno yako ya siri, nikutumie."

Bi Fuko alicheka hadi akakaa chini. "Mzee, hata sasa? Kutuma hakuhitaji maneno yangu. Anwani ya pochi yangu ni hii, tuma. Na wenzangu wote wamefungua pochi zao asubuhi ya leo, nimewafundisha mimi."

Kiboko akatuma. Ting! Ngiri akaruka. Ting! Kwale akapiga kigelegele. Ting, ting, ting, ukingo mzima. Kila mtu alirudishiwa alichoweka, na zile zilizozaa hakuna aliyezidai, kwa sababu hazikuwahi kuwepo.

Bi Fuko akaingia ardhini, kwaru, kwaru, kwaru, akang'oa udongo. Pwaaa! Maji yakapanda. Kiboko akajitupa ndani, chubwi! Akafumba macho kwa raha. Alipoyafumbua akapima kina, akakunja uso.

"Fundi! Mbona yamerudi yale yale? Yale yaliyozaa yako wapi?"

"Ah, yaliyozaa? Hayo yako kwenye simu, mzee," akasema Bi Fuko akiondoka. "Nitakutumia picha."

Jioni hiyo akawaita watoto wake mmoja mmoja, mkubwa kwanza, kila mmoja akanong'ona neno lake, na Nungunungu akalipwa kilima chake chote. Walihama usiku huo huo, na kitindamimba alibebwa mgongoni ingawa alikuwa anaweza kutembea. Mvua ikaanguka alfajiri. Bonde likajaa, na Bi Fuko akakaa mlangoni kwake juu kabisa, akiyasikiliza maji yakitafuta nyumba yake ya zamani.

Haya, na funzo la hadithi hii ni nini? Funzo ni kwamba mdogo asimbishie mkubwa. Fundi asiwe na haraka na malipo yake. Na chako ukimkabidhi mwenye mdomo mpana, kitakuwa salama kabisa. Mmeelewa?

— Tumeelewa!

Vizuri. Basi kila mmoja alete simu yake hapa, na maneno yake ya siri aninong'oneze, nimtunzie. Nitawapa kesho.

...

Mbona mmezikumbatia? Leteni, nawaambia!

— Hatuleti!

Aha! Wajeuri nyinyi! Bibi yenu nimewatungia hadithi mpaka koo limekauka, na hamniamini hata kidogo? Afadhali. Sasa naweza kwenda kulala.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, ichukueni leo leo. Ikiwa chungu, niachieni, nitaitunza mwenyewe.