Cherehani ya Fundi Mkude

Sogeeni karibu, lakini kila anayesogea aje na uamuzi wake, maana mimi wangu sina.

Bi Mwantumu wa Kilosa alikuwa na watoto watatu. Mwajabu, wa kwanza, hakutupa kitu. Hata kifuniko cha chupa iliyovunjika alikitafutia mahali. Shomari, wa pili, akishika jambo haliachi, hata jambo lenyewe likimsihi aliache. Zamda, wa mwisho, alikuwa fundi nguo kama marehemu baba yao, na mshono uliopinda haukumpita machoni.

Baba huyo, Fundi Mkude, alikuwa amefariki miaka ishirini nyuma. Baadaye mvua ikaangusha ukuta wa nyumba na picha zote zikaharibika. Bi Mwantumu hakuhangaika, kwani uso wa mumewe alikuwa nao kichwani. Asubuhi moja, akikoroga uji, aliutafuta asiupate. Sauti aliipata, mikono aliipata, uso hakuna. Akaogopa sana. Akawaita watoto akawaambia, "Atakayenionesha tena uso wa baba yenu, cherehani yake nampa." Kila mmoja aliitaka, kwa sababu miguuni pa cherehani ile ndipo walipokulia wote.

Mwajabu akafungua sanduku lake. Zamani mpiga picha alimpa mteja picha pamoja na filamu yake, na wengi filamu waliwapa watoto wachezee. Mwajabu alikuwa amekihifadhi kipande kimoja ndani ya kopo la maziwa, pamoja na mchele mkavu wa kunyonya unyevu, na mchele huo aliubadilisha kila masika. Mumewe alimcheka mpaka akachoka kucheka. "Baba huyu hapa, mama," alisema. Bi Mwantumu akakiinua kipande kile mwangani. Penye weupe palikuwa peusi, penye weusi palikuwa peupe, na mume hakumwona.

Shomari akaleta skana, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta, ile ya kulazwa mezani, yenye kioo chini na taa ya kumulika filamu ndani ya kifuniko. Aliipata kwa mtu aliyeshindwa nayo, na punde akaelewa kwa nini. Kompyuta iliikataa wiki nzima. Ilipokubali, picha ya kwanza ilijaa vumbi kama mkeka usiokung'utwa. Ya pili ilitoka na ukungu, kwani filamu ilikuwa imejikunja. Fremu ya kushikia filamu ilikwishapotea, basi akakata yake kwenye boksi la viatu. Kila jaribio mashine ilinguruma dakika kumi, naye akaketi mbele yake bila kula. Jumapili ya sita uso ukatoka safi, akauchapisha.

Bi Mwantumu aliipokea picha kwa mikono miwili. Akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha.

"Ni yeye," alisema. "Na siye."

"Siye kivipi, mama?"

"Sijui, mwanangu. Kama ndugu yake aliyefanana naye sana."

Shomari na Mwajabu wakatazamana. Mama amezeeka, ndivyo walivyowaza, na ubaya ni kwamba hata mama mwenyewe alianza kuwaza hivyo. Siku tatu aliitazama picha ile, akiigeuza huku na huku, asijue kama kosa liko kwenye karatasi au kichwani mwake. Watoto wakamwambia akubali tu, ndiye. Akakataa.

Siku ya nne Zamda akaichukua picha. Uso hakuutazama kabisa, alitazama shati.

"Mfuko uko kifua cha kulia," alisema. "Na vifungo vimefungwa kama vya blauzi. Shati hili baba alilishona mwenyewe, na baba hakuwa fundi wa kukosea mfuko. Kaka, filamu umeilaza upande usio wake, kushoto kumekuwa kulia kama kwenye kioo."

Shomari akaitoa filamu, akaigeuza, mashine ikanguruma tena. Picha mpya ilipotoka, Bi Mwantumu aliitazama mara moja tu, akalia.

"Huyu ndiye aliyenioa," alisema.

Machozi yalipokauka, yakaja maneno. Mwajabu akasema, "Bila kopo langu, mngeweka nini kwenye mashine?" Shomari akasema, "Bila mashine yangu, kopo lingebaki kopo." Zamda akasema, "Bila mimi, mama angeishi na mume wa kioo mpaka kufa kwake." Jirani yao, Mama Chausiku, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi akasahau kuondoka, naye akatia lake: "Mbona aliyekataa mkimlazimisha ni mama mwenyewe? Angekubali, Zamda angetazama shati la nini? Cherehani ibaki na mwenyewe."

Bi Mwantumu akazidi kuchanganyikiwa. Kila aliyesema alikuwa na haki mpaka mwingine alipofungua mdomo. Akainua macho kutoka kwenye picha ili amtaje mmoja, na sasa, kwa kuwa uso ule umemrudia, akauona kwa wote watatu: paji kwa Mwajabu, kidevu kwa Shomari, macho kwa Zamda. Akaishika cherehani, asijue aisogeze kwa nani.

Yupo hapo mpaka sasa, mkono juu ya cherehani, na ahadi aliitoa kwa kinywa chake. Haya, ninyi mliosogea: huo mkono ungekuwa wako, ungemsogezea nani cherehani, na wale wengine ungewatazamaje usoni?