Kibuyu cha Mlangoni kwa Namsifu

"Usitazame kibuyu, sukuma mlango." Shangazi yenu aliwaambia hivyo jana, mlipomjibu kwamba yule binti aliyejifungua nyumba ya pili ana watu wake wa kumwangalia, ndiyo maana hamkwenda. Mkacheka, mkaulizana kibuyu gani. Haya, sogeeni nipate moto, kisha nyamazeni. Methali hiyo ina mwanzo wake, na mwanzo wake hauchekeshi hata kidogo.

Zamani huko milimani Upare, katika kijiji cha Mkwareni, mwanamke akijifungua walimtundikia kibuyu nje ya mlango. Atakayekishusha asubuhi, mzazi ni wake siku ile. Atampelekea uji kwa kibuyu hicho, na maji, atamkokea moto, atamwogesha mtoto, na jioni atakirudisha kibuyu mahali pake ili kesho akishushe mwingine. Mpita njia asipokiona kibuyu, alijua mzazi ana mtu. Hakupiga hodi wala hakuingia, maana mzazi anataka usingizi, si maneno. Ilikuwa desturi nzuri, nisiwadanganye. Imelea watoto wengi, na wazee wa wazee wenu wamo.

Kijijini hapo alikuwapo mwanamke aitwaye Nakijwa. Hodari kwelikweli, huyo! Kazi ikitajwa, yeye ndiye wa kwanza kusema "mimi". Msiba, mimi. Mavuno ya mjane, mimi. Watu walimsifu, naye sifa hizo zilimkaa vizuri moyoni, kama zinavyotukaa sisi sote.

Jirani yake alikuwa Namsifu, msichana aliyeolewa kutoka mbali, bado hajazoea hata njia za kwenda mtoni. Mumewe alikuwa amekwenda kukata mkonge tambarare, na mama mkwe alikwisha kufa. Masika yalipokolea akajifungua mtoto wa kiume, wakamtundikia kibuyu, na kwa siku za mwanzo kila kitu kilikwenda sawa.

Asubuhi moja Nakijwa aliwahi kuliko wote. Akakishusha kibuyu, akasema kwa upole akiwa pale pale mlangoni, "Lala, mwenzangu. Leo mimi ndiye wako."

"Ahsante, dada," akajibiwa kutoka ndani. "Naona baridi tu, mwili hauko sawa."

"Uji wa moto utakutoa hiyo baridi."

Nakijwa alikuwa ndiyo kwanza ameinjika sufuria, baragumu ikalia. Kingo za mfereji mkubwa zilikuwa zimebomolewa na mvua, na maji yalikuwa yakiyafuata mashamba. Baragumu ikilia ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, asibaki mtu nyumbani ila mgonjwa na mzazi. Nakijwa akakitundika kibuyu kwenye nguzo ya jikoni, akachukua jembe, akatoka mbio. Alijiambia atarudi mara moja.

Hakurudi mpaka giza lilipoingia. Alikuwa amelowa, mikono imechubuka kwa mawe, hata ugali ulimshinda. Akakiona kibuyu kwenye nguzo, akakumbuka uji. Kisha akajituliza: "Namsifu hakosi mtu. Wameona nimechelewa, mmoja wao atakuwa amempelekea." Akalala.

Kesho yake baragumu ikalia tena alfajiri. Nakijwa akakitazama kibuyu, akaona haya. Akirudishe kitupu, watu wakiwa njiani wanaona? Nakijwa huyu wa mimi, mimi? Afadhali akitoka kazini apike kwanza, akirudishe kimejaa, na aibu yote imalizike kimyakimya. Jioni mwili ukamkatalia tena. Akasema kesho.

Na wale wengine? Walipita mlangoni kwa Namsifu asubuhi na jioni, majembe mabegani. Mmoja alikuja na mzigo wa kuni, akatazama, akaona kibuyu hakipo, akasema, "Ashukuriwe Mungu, ana mtu," akageuka na kuni zake. Mwingine alikuwa na maziwa. Akatazama, akashukuru, akaenda kuwanywesha wanawe. Wote walikuwa watu wema. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba hapakuwa na mbaya hata mmoja.

Siku kingo za mfereji zilipomalizika, watu wakakaa kupumzika, na bibi mmoja mkunga, jina lake Mkunde, akauliza kwa furaha tu, "Sasa jamani, mzazi wetu kaamkaje leo?"

"Hajambo, bila shaka," akasema mwanamke mmoja. "Kibuyu kimeshushwa."

"Nani kakishusha?"

"Si mimi. Nilidhani wewe."

"Mimi nilikuta hakipo. Hata jana hakikuwapo."

"Na juzi je?"

Wakatazamana. Bibi Mkunde akasimama taratibu. "Nauliza tena. Kibuyu kiko kwa nani?"

Nakijwa alitaka kusema. Akatupa jembe akaanza kukimbia, na hapo wote wakajua.

Ndani ya nyumba ile moto ulikuwa umezimika siku nyingi kuliko ilivyofaa, na mtungi ulikuwa mkavu. Namsifu alikuwa amejikunja kitandani, anatetemeka kwa homa, midomo imepasuka, mtoto amembana kifuani ndani ya kaniki. Bibi Mkunde akaingiza mkono, akampapasa mtoto. Akautoa mkono wake, akaufunika uso. Mtoto alikuwa baridi.

"Namsifu, mwanangu," akasema bibi, machozi yanamtoka, "mbona hukuita?"

"Niliita siku ile ya kwanza. Halafu maziwa yakakauka, na homa ikanikaba koo." Alizungumza kama mtu anayesimulia habari za mwingine. "Nilikuwa nasikia miguu yenu. Mtu anakuja mpaka mlangoni, anasimama, anaondoka. Mwingine naye hivyo hivyo. Nikadhani labda ndivyo mnavyomfanyia mgeni kwenu. Nikasema basi, kama ni desturi, nifanyeje?"

Mngejibu nini ninyi?

Walimzika mtoto siku hiyo hiyo, mvua inanyesha. Namsifu alipona mwili. Wanawake walimhudumia kwa zamu mpaka mumewe aliporudi, ila Nakijwa hakukanyaga tena mlango ule. Alikuwa akiacha kuni na unga nje, anakimbia kabla hajaonwa. Neno "mimi" halikusikika tena kinywani mwake. Kile kibuyu alikipasua kwa jembe, lakini kulia hakukuisha kwa kupasua kibuyu.

Baada ya miaka kadhaa Namsifu akajifungua tena, mtoto wa kike. Asubuhi yake Nakijwa akapika uji wa ulezi, akatia samli, akaenda. Alipofika, kibuyu hakikuwapo. Aliyetangulia alikuwa amekishusha. Nakijwa akasimama na chungu chake cha moto mikononi. Akajiambia ana mtu tayari. Na kama hana, je, mimi ni mtu wa kuingia humu? Akageuka.

"Nakijwa," sauti ikaita kutoka ndani.

Akaganda. "Abee."

"Hiyo miguu yako naijua. Niliisikiliza sana siku ile, nikiingoja irudi." Kichanga kikalia. "Usitazame kibuyu, sukuma mlango."

Akausukuma. Kama Namsifu alimsamehe, sijui, na wala sikuambiwa. Nijuacho ni kwamba alimpa mtoto ampakate, na Nakijwa alimshika mpaka uji ukapoa. Neno lile likaenea, na tangu siku hiyo hapana mzazi aliyelala njaa Mkwareni kwa sababu ya kibuyu. Wengine waliletewa uji na watu watatu kwa asubuhi moja, wakalalamika matumbo yamejaa. Heri lalamiko hilo.

Sasa mbona bado mmekaa? Yule binti wa nyumba ya pili mnasema ana watu. Watu gani? Nitajieni jina moja. Hamjui. Basi inukeni, chukueni chungu kile pale jikoni, bado kina moto. Mkifika msisimame nje kutazamatazama. Usitazame kibuyu, sukuma mlango.