Fisi Mlinda Siri

Mwaka ule kiangazi kiligoma kuondoka. Ulikauka mto, yakakauka madimbwi, likakauka hata tope. Wanyama wakaanza kulikodolea macho Pango la Mwamba, kwa kuwa ndimo ulimokutana Udugu wa Siri, chama cha madume watupu, na ilisemwa kwamba madume hao wanajua mambo mazito.

Fisi alikuwa mlinzi wa mlango. Nyumbani mkewe alikula kwanza, wakafuata watoto, yeye akaguguna kilichosalia. Lakini pale mlangoni alivimba kama chura. Jike akisogea tu, alifoka: "Rudi! Humu mna siri!"

Siri yenyewe alinong'onezwa na Katibu Sungura siku aliyoapishwa, amefungwa kitambaa machoni: "Nyamaza, ule ukipewa." Fisi aliiona hekima kubwa ajabu. Wala hakujiuliza kwa nini sadaka za wanachama zilimnenepesha Sungura, yeye akaambulia mifupa.

Asubuhi moja Bi Fisi alifika na Bi Nungunungu pamoja na majike wengine.

"Baba Watoto, sogea. Watoto wana kiu. Kama siri yenu ni maji, nasi tunajiunga."

"Mke wangu, ka... kanuni..."

Simba, mkuu wa Udugu, akatoka pangoni na madume wenzake, kifua mbele. "Tangu lini jike akawa ndugu?"

"Mheshimiwa, tusiwe wakali," Sungura akadakia, akimkonyeza. "Atakayelitaja neno la siri, aingie."

"Haya," akasema Bi Fisi. "Ila tuhakikishe kwanza kwamba neno lipo. Mume wangu, mnong'oneze Mheshimiwa lako, naye akwambie lake. Yakilingana, tunakwenda zetu."

Fisi akajinyoosha hadi sikioni mwa Simba. Simba akashtuka.

"Nyamaza, ule ukipewa? Mbona mimi niliambiwa, 'Wewe ndiwe mkubwa, usiulize'?"

"Mimi," Nyati akasema kwa haya, "niliambiwa nina pembe nzuri."

Wakageuka kumtafuta Sungura. Alikuwa akinyata kinyumenyume na kikapu cha sadaka, akaenda kukalia miiba ya Bi Nungunungu. Yowe lake lilisikika bonde zima.

Majike wakaingia. Bi Nungunungu akanusa sakafu. "Udongo huu una unyevu," akasema, akaanza kuchimba. Adhuhuri maji yakabubujika. Madume walikuwa wameyakalia miaka saba, na Simba alidhani ule ubaridi wa makalio ni heshima ya cheo.

Sungura akavuliwa ukatibu, akapewa kazi ya kuwatekea wote maji mpaka mvua inyeshe. Majike wakaandikwa uanachama siku hiyohiyo.

"Na mimi nilinde nini sasa?" Fisi akauliza.

"Linda foleni," mkewe akamjibu. "Wasisukumane."

Fisi akacheka mpaka akaketi chini. Hajaacha kucheka hadi leo. Akiulizwa anamcheka nani, hujibu bila kuficha: "Namcheka fisi mmoja, aliyewafukuza wanaojua kuchimba ili alinde jambo asilolijua."