Kwa Nini Vuli Hunyesha na Kukimbia

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa mtungi, maji ya nani?"
"Ya mwenye kiu!"

Basi sogeeni.

Hapo kale majira ya mwaka yalitembea kwa miguu kama sisi. Vuli alikuwa msichana. Siku moja mama yake, Mbingu, alimtuma ampelekee maji Bi Siwema, ajuza aliyekwishapanda kunde zake zote katika udongo mkavu. Hakubakiza hata za kupika. Maji yakikosekana, mbegu zitakufa, naye atakufa njaa.

"Weka majani mdomoni mwa mtungi, maji yasimwagike," mama alimwambia.

"Majani kichwani? Mama, mimi mbuzi? Na nywele nimesuka jana!"

Akajitwika mtungi bila majani, akaenda. Kilimani akasikia ngoma. Akacheza kidogo. Pwaa! Maji yakamwagika. Mtoni akasikia ngoma. Akacheza kidogo. Pwaa! Njiapanda, mnajua wenyewe. Pwaa! Wewe unayecheka, ungeipita ngoma?

Alipofika shambani, Bi Siwema alikuwa amepiga magoti, amekinga viganja. Vuli akainamisha mtungi. Likatoka tone. Tone moja, jamani.

"Mjukuu wangu, maji yako wapi?"

"Jua limeyanywa, bibi."

"Jua?"

"Na... na upepo ukanipiga kikumbo."

Bibi alitazama nyuma ya Vuli tu. Vuli naye akageuka. Loo! Kilimani kumechipua. Mtoni kumechipua. Njiapanda kumechipua. Majani mabichi yamefuata nyayo zake, kila alipozungusha kiuno. Kwingine kote, vumbi.

"Ngoma ilikuwa nzuri?" bibi akauliza, taratibu.

Vuli alitamani ardhi immeze. Heri angetukanwa! Akajifunika kanga usoni, akakimbia kwa mama, akajaza mtungi, akarudi. Akamwaga harakaharaka, akatoweka kabla bibi hajainua macho. Akarudi tena. Akamwaga, akakimbia. Akarudi tena. Akamwaga, akakimbia. Kunde zikaota.

"Vuli we!" bibi akaita. "Njoo basi ukae, tule pamoja!"

Vuli alisikia. Upole ule ndio uliomzidishia aibu.

Mpaka leo, majira yake yakifika, mvua hunyesha kidogo, hukatika, hunyesha tena. Ndiye huyo. Shambani watu wanamwita, "Kaa basi, mwanangu!" Naye amekwisha kuvuka kilima, uso ndani ya kanga.

Hadithi nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nitwisheni tena, nirudi nayo kwangu.