Mchuzi wa Sange Chini ya Mvule

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati Ndovu alipokuwa na shoka na Nyati akiwa msimamizi wake, aliishi Sange. Mnamjua Sange? Kimo cha panya, pua ndefu, miguu haitulii! Nyumba yake ilikuwa lundo la majani makavu chini ya mvule mkubwa, na humo ndani mkewe alikuwa na watoto wawili wa jana tu.

Asubuhi moja akasikia ko! ko! ko! Akachungulia. Nyati alikuwa akichonga pembe mbili kwenye gome la mvule. Hiyo ndiyo alama ya Ndovu. Mti ukichongwa leo, kesho uko chini.

"Shikamoo, mzee Nyati. Na huu pia?"

"Marahaba. Na huu pia. Bwana Ndovu anataka mbao za jumba lake."

"Na sisi tunaokaa chini?"

Nyati akacheka mpaka kamasi likamtoka. "Nyinyi mna neno gani? Sisi tunakata miti mikubwa tu. Majani yenu hatugusi hata moja!"

Sange aliingiwa na hofu na hasira. Maneno hayohayo aliyasikia walipokata miti ya bonde la jirani, na alikwisha kuona bonde lile lilivyoharibika. Lakini hakulia. Akamwendea mkewe.

"Mama watoto, teleka sufuria kubwa!"

Akachuma uyoga, akachimba tangawizi mwitu, akakata vichipukizi vya mimea ipendayo ubaridi wa kivuli. Kufika mchana, harufu imetanda msitu mzima. Ndovu na wakataji wake wakaja wenyewe, pua mbele.

Sange akamkabidhi Ndovu kibuyu kimoja, kidogo.

Sruup! Ndovu akafumba macho. "Lo! Lo! Ongeza!"

"Ningeongeza nini, bwana mkubwa? Viungo vimeadimika. Vilikuwa tele kule bondeni, ila kuna mtu kavimaliza."

"Kavimaliza?" Masikio ya Ndovu yakapiga pa! pa! "Mchuzi kama huu, mtu aninyime? Naapa kwa pembe zangu, huyo hatagusa tena mti wala jani la msitu huu!"

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata akiwa baba yangu!"

"Na ukishamjua, hutageuka?"

"Ndovu hali matapishi yake! Nyote mmesikia?"

"Tumesikiaaa!" wakaitika wakataji, na ngiri mmoja akapiga debe, bam!

"Basi nifuateni," akasema Sange, na huyoo, akatoka mbio.

Bondeni jua lilikuwa likichoma kama jiko. Uyoga, hakuna. Tangawizi imenyauka, ukiigusa, kacha! Magugu ya miiba tu ndiyo yaliyostawi, yakamchoma Ndovu nyayo.

"Aii! Nani kayaharibu haya?"

"Si sisi!" Nyati akaruka. "Tulikata miti tu, hatukugusa jani!"

"Kweli, mzee, hamkugusa," Sange akasema. "Lililoyagusa ni jua. Zamani halikufika huku chini, maana miti ilikuwa paa letu. Sasa tumtafute aliyeezua paa. Bwana mkubwa, hebu tazama kisiki hicho. Kuna alama gani?"

Ndovu akainama. Pembe mbili. Akaenda kisiki cha pili, pembe mbili. Cha tatu, pembe mbili.

 

"Alama ya nani hiyo?" Sange akauliza kwa adabu zote.

Nyati akakohoa. "Ya... ya bwana Ndovu."

"Na nani ameapa?"

"Bwana Ndovu!" wakataji wote wakapaza sauti, na ngiri akapiga tena debe, bam! Wengine walikuwa wakicheka waziwazi.

Ndovu akatazama huku na huku asipate pa kuficha uso wake mkubwa. Kiapo ni kiapo. Akatupa shoka, tuu! akaondoka zake, masikio yamelala. Jumba lake akalijenga kwa udongo.

Sange akarudi kwake akirukaruka kwa furaha. Mvule ulikuwa wima, watoto wamelala, na mkewe akafunua sufuria kubwa iliyofichwa chini ya majani. Imejaa pomoni! Wakala wakashiba, wakalamba na mwiko.

Basi wanangu, akataye mti mkubwa, ameua na vidogo vilivyoishi kivulini mwake.