Kiboko Aliyeazima Bila Kikomo

Niilete?
Ilete.
Ikija na pembe?
Tutaikwepa.
Ikija na mkia?
Tutaushika hapo hapo.
Basi sogeeni, ndiyo hii.

Jumatatu ya kwanza baada ya masika, saa tatu asubuhi, maktaba tano za vyuo vya nyikani zilitia saini mkataba wa kutumia katalogi moja. Hilo halina ubishi. Mkataba upo, na chini yake ipo mihuri mitano, mmoja mkubwa kuliko ile minne ukiiweka pamoja.

Sababu ya mkataba ilikuwa ya kweli. Kabla ya hapo kila maktaba ilikuwa na orodha yake. Nyumbu alipanga vitabu kwa rangi. Pofu alipanga kwa unene. Ngiri hakupanga, ukimuuliza kitabu anasema "kipo," kisha anaondoka mkia juu. Kitabu cha magonjwa ya kwato kilinunuliwa mara tano na vyuo vitano. Kitabu cha magonjwa ya macho hakikununuliwa na yeyote, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake anacho. Katalogi moja ingemaliza hayo. Msomaji angetazama orodha, akaona kitabu kiko wapi, akakiomba, kikaja, akakisoma, kikarudi.

Hilo la kurudi ndilo ambalo mkutano haukulijadili.

Mkutano ulifanyika Mtoni, kwa Kiboko. Kiboko alikuwa mkutubi mkuu wa Chuo Kikuu cha Mtoni. Aliitwa Profesa, na hakuna aliyejua profesa wa nini. Mkutubi wa mwisho kufika alikuwa Sange, wa Chuo cha Wakunga cha Kichuguuni. Sange ni mnyama wa ukubwa wa panya, ana pua ndefu kama mrija na miguu kama njiti. Alikuja ti-ti-ti-ti, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, marahaba. Nani anasema?"

"Mimi hapa chini. Sange."

"Ah, Pua. Kaa pale pembeni, usije ukakanyagwa halafu tukaandikiwa barua."

Wakutubi wengine wakacheka. Walikuwa wageni wake, na chai ilikuwa yake.

Katibu wa mkutano alikuwa Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa na mwandiko mzuri. Akasoma kifungu cha nne. "Kila chuo kitaazima vitabu viwili kwa mwezi."

"Viwili?" Kiboko akafungua kinywa mpaka ukaonekana ukuta wa koo. "Katibu, tazama humu. Humu vinaingia viwili?"

"Vinaingia vingi, Profesa."

"Basi andika ninavyosema. Vyuo vingine vitaazima vitabu viwili kwa mwezi. Chuo Kikuu cha Mtoni kitaazima kitabu chochote, wakati wowote, bila kikomo, wala hakuna chuo kitakachoweka pingamizi."

Hondohondo akaandika, akasita. "Profesa, hapa ningeandika 'kitachukua'. Ili isije ikaleta maswali."

"Kuchukua?" Kiboko akageuza shingo yote. "Wanaochukua ni vibaka. Mimi ni msomi. Msomi anaazima. Andika kitaazima."

Sange akainua pua. "Naomba kuunga mkono. Neno la Profesa ni zuri. Lisiguswe hata herufi."

"Umesikia, Katibu? Mpaka Pua kaelewa."

Kiboko akagonga mhuri wake: pwaa. Nyumbu akagonga, kwa kuwa Kiboko amegonga: pwa. Pofu akagonga, kwa kuwa Nyumbu amegonga: pwa. Ngiri: pwa. Sange: pwi. Mkutano ukafungwa kwa hotuba ya ushirikiano. Kiboko ndiye aliyehutubia, saa nzima na robo.

Siku ile rafu za Kichuguuni zilikuwa na vitabu mia tatu na kumi na mbili.

Mwezi wa kwanza Kiboko akaja. Gubu, gubu, gubu.

"Hodi."

"Karibu, Profesa."

"Naazima."

Akabeba kumi. Sange akahesabu rafu: mia tatu na mbili.

Mwezi wa pili Kiboko akaja. Gubu, gubu, gubu.

"Hodi."

"Karibu, Profesa. Vile kumi umeshavisoma?"

"Vinasomwa. Naazima."

Akabeba kumi na tano. Sange akahesabu rafu: mia mbili themanini na saba.

Mwezi wa tatu Kiboko hakupiga hodi. Akabeba kumi na sita. Sange akahesabu rafu: mia mbili sabini na moja.

Kwa Nyumbu alikwenda vile vile. Kwa Pofu na kwa Ngiri vile vile. Kila kitabu kilichofika Mtoni kiligongwa mhuri wa Mtoni, pwaa, na kwenye katalogi ya pamoja jina la mwenyewe likafutwa, likaandikwa Mtoni. Kufikia mwisho wa mwezi wa tatu Chuo Kikuu cha Mtoni kilitangaza vitabu elfu moja mia tisa. Vyake halisi vilikuwa mia mbili na arobaini. Daftari la wasomaji la maktaba hiyo, kwa miezi hiyo mitatu, lina sahihi moja. Ni ya fundi aliyekuja kuziba paa.

Kiboko alikuwa na haja na hesabu hiyo. Uenyekiti wa katalogi ulikuwa unakwenda kwa chuo chenye vitabu vyake vingi kuliko vyote. Mwenyekiti ana kiti chenye mto, na hutangulia kusalimiwa.

Mwezi wa nne ikatoka barua ya Mkaguzi. Mkaguzi alikuwa Kakakuona, mnyama wa magamba anayejiviringa kama mpira pakitokea jambo la kuamuliwa. Barua ilikuwa fupi. Chuo kitakachokutwa na vitabu pungufu ya mia tatu rafuni, viwe vyake au vya kuazima, kitafungwa siku hiyo hiyo. Alhamisi Mkaguzi atakuwa Mtoni kuthibitisha uenyekiti. Ijumaa atakuwa Kichuguuni.

Kichuguuni kulikuwa na wanafunzi arobaini wa ukunga, na mtihani wao ulikuwa wiki ya pili yake. Chuo kikifungwa Ijumaa, wangerudi makwao bila cheti, miaka miwili imepotea.

Jumatano Sange akaenda Mtoni. Ti-ti-ti-ti. Akamkuta Kiboko amelala, kichwa juu ya vitabu vinne vinene.

"Profesa, nimekuja kwa vile arobaini na kimoja."

"Bado nasoma."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

Kiboko akafikiri. "Jalada."

"Nina siku mbili, Profesa. Nikipungukiwa nafungwa."

"Ufungwe. Chuo cha wakunga cha nini? Mama zetu walizaa bila katalogi." Akapiga mwayo. "Usihuzunike, Pua. Ukifungwa nitakuajiri hapa. Rafu za chini zina vumbi, na wewe una kifaa cha kulifikia."

"Nashukuru, Profesa."

"Na kesho njoo kwenye sherehe. Nataka wote mnipigie makofi."

"Nitakuja. Naweza kuja na mkokoteni?"

"Wa nini?"

"Miguu yangu mifupi. Nachoka."

Kiboko akacheka mpaka maji ya mto yakasogea. Sange hakucheka. Alirudi kwa njia ya kwa Hondohondo, akaomba nakala ya mkataba, akakisoma kifungu cha nne mara mbili, akaikunja nakala.

Alhamisi saa nne wote wakawepo. Nyumbu, Pofu na Ngiri walikuja na mikokoteni pia. Sange alikuwa amewapitia asubuhi na kuwaambia walete. Nyumbu hakuuliza sababu. Mkokoteni wa Sange ulifika wa mwisho, kwiyo, kwiyo, kwiyo, ukivutwa na wakunga wanne.

Mkaguzi Kakakuona akakaa mezani na fomu. Kiboko akaketi kwenye kiti chenye mto kabla hajapewa.

"Vitabu vya Chuo Kikuu cha Mtoni ni elfu moja mia tisa," Kiboko akasema. "Jaza hapo. Au lete nijaze mwenyewe. Mkaguzi, niazime kalamu."

Kakakuona akampa kalamu. Kiboko akajaza.

Sange akapanda juu ya meza. "Mkaguzi, kabla wino haujakauka, nina swali moja kwa Profesa. Ni la kumsifu."

"La kumsifu liulizwe," Kiboko akasema.

"Katika mkataba wetu yamo maneno haya: Chuo Kikuu cha Mtoni kitaazima kitabu chochote, wakati wowote, bila kikomo. Ni maneno yako?"

"Neno kwa neno. Na hakuna wa kuweka pingamizi."

"Unayasimamia mbele ya Mkaguzi?"

"Mbele ya yeyote. Mhuri wangu huo hapo, ukubwa wa sahani."

"Basi niazime," Sange akasema.

Kiboko akaangalia chini, akaangalia juu.

"Nikuazime nini?"

"Kitabu chochote. Wakati wowote, nao ni sasa. Bila kikomo. Mkokoteni uko nje."

"Mkataba unasema mimi ndiye ninayeazima!"

"Ndiyo. Azima."

"Kuazima maana yake kuchukua!"

"Sasa hivi umemwambia Mkaguzi akuazime kalamu. Alikupa au alikupokonya?"

Nyumbu akafungua mdomo. Pofu akamkanyaga mguu. Kakakuona alikuwa ameanza kujiviringa. Pua ilikuwa imeshaingia tumboni. Sange akamgonga gamba: ko, ko.

"Usilale, Mkaguzi. Huna la kuamua. Mwache Profesa achague mwenyewe." Akamgeukia Kiboko. "Kama kuazima ni kuchukua, basi hivi umevichukua kwetu, ni vyetu, na Mkaguzi avitoe kwenye hesabu yako. Vitabaki mia mbili na arobaini. Pofu ana mia sita. Yeye ndiye mwenyekiti. Kama ni vyako, hukuvichukua kwa mtu, na kuazima ni kutoa. Toa."

Kakakuona akatoa pua. Njia ya kutoamua aliipenda. "Profesa, vitabu ni vyako au si vyako?"

Kiboko akatazama rafu. Akamtazama Pofu, ambaye alikuwa anatazama kile kiti. Akaushika mto wa kiti kwa mguu.

"Ni vyangu," akasema.

"Vyote elfu moja mia tisa?"

"Vyote. Mimi ndiye mwenyekiti. Andika."

Kakakuona akaandika. Akagonga. Hilo likaisha.

"Hongera, Mwenyekiti," Sange akasema. "Niazime."

Wakunga wanne wakaingia. Walitoa vitabu arobaini na kimoja, na juu yake themanini na tisa vya watoto wachanga, vya damu na vya homa, ambavyo Kichuguuni havikuwahi kuwepo. Jumla mia moja na thelathini. Mkokoteni ukaondoka: kwiyo, kwiyo, kwiyo.

Akaja Nyumbu. "Mwenyekiti, niazime." Akatoa vyote vyenye rangi ya kijani.

Akaja Pofu. "Mwenyekiti, niazime." Akatoa vinene.

Akaja Ngiri. "Mwenyekiti, niazime." Akaulizwa anataka vipi. Akasema, "Vilivyopo."

Mikokoteni ilikwenda na kurudi mpaka saa kumi. Rafu za Mtoni zikabaki mbao. Vile vinne vya kulalia navyo vikaondoka. Pofu alivichomoa kimoja kimoja, na kichwa cha Mwenyekiti kikashuka kwa hatua nne.

"Sawa," Kiboko akasema. "Kesho na mimi nitakwenda kwao kuazima."

Hondohondo akafungua mkataba. "Vyuo vingine vitaazima vitabu viwili kwa mwezi," akasoma. "Kwa maana uliyoichagua mbele ya Mkaguzi, wanakupa viwili, Mwenyekiti. Kwa mwezi."

"Viwili?"

"Vya kijani vimekwisha," Nyumbu akasema kutoka nje. "Nina vyekundu."

Katalogi ya pamoja inasema mpaka leo kwamba Chuo Kikuu cha Mtoni kina vitabu elfu moja mia tisa. Inasema pia, kwenye safu ya pembeni, viliko. Ndiyo orodha ya kwanza ya nyikani ambayo msomaji akiifuata anakifikia kitabu. Mwenyekiti ameitaja kama mafanikio yake katika hotuba mbili.

Ngano yangu imefika ukingoni. Mimi nashuka, ninyi bakini na funzo lake. Funzo ni hili: mdogo asisome mkataba. Mkubwa akisema tushirikiane, mdogo agonge mhuri, ashukuru kwa chai, na apige makofi hotuba ikiisha. Mkubwa anajua maana ya maneno yote.

Mmesikia?
Tumesikia.
Mmekubali?
Tumesikia.

Ijumaa saa nne asubuhi Mkaguzi alihesabu vitabu mia nne na kimoja katika rafu za Kichuguuni, akatia saini, akaondoka. Wiki ya pili yake wanafunzi arobaini walikaa kwenye mtihani wa ukunga. Thelathini na saba walifaulu. Watatu watarudia.